Kocha Akitimuliwa, Aliyesajili Naye Atoke

Timu ikifungwa mechi tano mfululizo, barazani kwetu Mkunguni hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: kocha afukuzwe. Tulizoea kuyasema hayo kwenye soka. Siku hizi tumeyahamishia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, maana wapo vijana hapa Lamu wanaoamka saa tisa za usiku kutazama mechi kwenye simu, na wakitoka msikitini alfajiri ubishi unaanza. Mimi sipingi kocha kufukuzwa. Ninachopinga ni jumba bovu kumwangukia yeye peke yake, na huku aliyemchagulia wachezaji ametulia ofisini.

Chukueni Milwaukee Bucks. Septemba 2023 walimtoa Jrue Holiday, aliyewasaidia kutwaa ubingwa wa 2021, ili wampate Damian Lillard. Lillard ni mfungaji wa kutisha, hilo halina ubishi. Lakini Holiday ndiye aliyekuwa akimganda mchezaji hatari wa wapinzani tangu anapovuka katikati ya uwanja, kifua kwa kifua, mpaka akose pa kupita. Alipoondoka, njia ikawa wazi. Lillard akipitwa huko mbele, Brook Lopez, mrefu lakini mzito, aliachwa kikapuni akikabili watu wawili. Kocha Adrian Griffin alikuwa na makosa yake, na ulikuwa msimu wake wa kwanza kuwa kocha mkuu. Hata hivyo, alipofungishwa virago Januari 2024 alikuwa ameshinda mechi 30 na kupoteza 13. Akaletwa Doc Rivers, mtu mwenye jina kubwa: akashinda 17, akapoteza 19, kisha Indiana wakawatoa raundi ya kwanza ya mchujo. Giannis Antetokounmpo, nyota wao mkubwa, alikuwa majeruhi, nakubali. Lakini Juni ile Holiday alikuwa Boston, akinyanyua kombe. Kocha gani angeweza kuziba pengo hilo?

Detroit walifanya vingine. Msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14 tu. Monty Williams simtetei. Kijana kama Jaden Ivey kumwanzishia benchi katika timu inayojengwa upya, sikuona hekima yake. Alitimuliwa, na meneja mkuu Troy Weaver naye akaondoka. Trajan Langdon, bosi mpya wa usajili, akaja na kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na akaleta watu wa kutupia kutoka mbali: Malik Beasley, Tim Hardaway Jr., pamoja na mkongwe Tobias Harris. Cade Cunningham, nyota wao, akapata nafasi ya kupumua. Msimu uliofuata ushindi ukafika 44.

Oklahoma City nao walishinda mechi 22 tu msimu mmoja, kisha 24 uliofuata, na kocha Mark Daigneault hakuguswa. Meneja mkuu Sam Presti alijua amempa wachezaji watoto, akasubiri. Mwaka 2025 wakawa mabingwa.

Na Denver je? Aprili 2025, mechi tatu kabla ya msimu wa kawaida kwisha, walimwondoa Michael Malone, kocha aliyewapa ubingwa wa 2023. Iliniuma sana, na bado naona wangemwacha amalize. Lakini kuhusu haki sina la kuwalaumu: meneja mkuu Calvin Booth alitolewa siku hiyo hiyo, kwa mlango huo huo.