Goliathi Aliyebambuka

Katika igizo letu la kanisani nilipewa nafasi ya Goliathi kwa sababu moja tu: katika umoja wetu wa vijana hakuna mwanaume anayenizidi urefu, ingawa futi sita zenyewe sizifikishi. Goliathi wa Biblia alikuwa na dhiraa sita na shibiri, karibu mita 3. Nilipolitaja hilo, mama mlezi akanijibu, "Utasimama kwenye stuli," na kikao kikafungwa.

Mavazi kila mtu alijitafutia. Daudi alihitaji kanzu na kombeo, basi. Mimi nilihitaji chapeo, darii ya kukinga kifua na mabamba ya miguuni, na nilikuwa nimeapa kwamba safari hii hatuchezi na makatoni. Mwaka uliotangulia askari wa Herode mmoja aligeuka kuondoka, kanisa zima likasoma "Mafuta ya Kupikia" mgongoni mwake.

Nilianza na lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Nilichonga kifua siku mbili, kifua chenye misuli ambayo mimi binafsi sijawahi kuwa nayo, kisha nikakipulizia rangi ya silva ya kopo. Kikaanza kunong'ona. Tsss. Misuli ikazama, tumbo likatoboka, na ndani ya dakika chache nilikuwa nimeshika kitu kama sukari iliyomwagiwa chai. Dawa iliyomo kwenye ile rangi huyeyusha povu hilo, jambo ambalo kila fundi rangi mtaani kwetu alilijua na alinieleza kwa furaha kubwa, baadaye.

Ndipo macho yangu yakaangukia mkeka wa sponji wa binti yangu. Mnaujua: vipande vya mraba vinavyoshikana kwa meno, na kila kipande kina herufi yake katikati inayochomoka. Nikachukua vipande sita. Sponji ile ukiipitisha juu ya jiko la mkaa inalainika, unaikunja gotini, ikipoa inabaki na mkunjo wake. Nikaunganisha kwa gundi ya fundi viatu, nikaipaka gundi nyeupe ya mbao mara tatu ili isinywe rangi, na mianya ya zile herufi nikaiziba kwa gundi hiyohiyo. Jioni binti yangu alikaa sakafuni akiimba alfabeti yake. "A, B, C, D, E, F, H..." Akanyamaza, akanitazama. Nikatoka nje.

Aliyenifundisha rangi ni kijana mmoja mchomelea mageti. Aliitazama darii yangu ya silva akacheka. "Kaka, hilo bati jipya. Chuma hakiwi cheupe. Chuma ni cheusi, kinang'aa pale tu mikono inapopita." Akaniambia niipake nyeusi tupu, ikikauka niisugue kwa unga wa penseli: kingo sana, katikati kidogo, mashimoni nisiguse kabisa. Nikamaliza penseli nne, za binti huyohuyo, nikizikwangua risasi kwa wembe juu ya gazeti na kusugua kwa kitambaa cha soksi. Ndugu zangu, lile sponji liligeuka chuma. Chuma kizee, kilichopigana. Mke wangu aliingia akaligonga kwa kucha asikie mlio. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuliangalia.

Jumamosi ya mazoezi nikaingia kanisani kifua mbele. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umependeza kweli." Akavaa miwani. "Ila darii ya Goliathi si ilikuwa ya shaba? Chuma kilikuwa kichwa cha mkuki."

Akafungua 1 Samweli 17, na kweli: shekeli 5,000 za shaba, zaidi ya kilo 50. Yangu ilikuwa nyepesi kuliko sufuria, na madini yenyewe nimekosea.

Mtu mwenye akili angesema Wafilisti walikuwa na akiba ya darii. Mimi nilikimbia Kariakoo nikanunua kopo la rangi ya shaba, nikapuliza usiku juu ya ule unga wa penseli. Ikakaa vizuri sana, ikawaka kama birika la harusi. Kilichonipita ni kwamba risasi ya penseli ni ileile mafundi wanayotia kwenye kitasa kinachokwama ili kiteleze. Nilikuwa nimepaka rangi juu ya utelezi.

Jumapili kanisa lilijaa, feni zikazungusha joto lilelile. Nikapanda stuli, nikayatukana majeshi ya Israeli, nikajipiga kifua kama nilivyofundishwa. Kipande cha shaba ukubwa wa chapati kikadondoka. Nikainua mkuki, kwapa likabambuka. Kila nikipumua nilisikia kitu kinaachia. Kwenye utulivu ule Daudi anapookota mawe yake, sauti ya mtoto ikapanda kutoka nyuma, "Mama, Goliathi anachunika!"

Daudi mwenyewe mabega yalikuwa yanamtikisika. Jiwe lake, donge la pamba, lilipita mbali na paji langu la uso, likamgusa mpiga kinanda. Sikungoja la pili. Maandiko yanasema alianguka kifudifudi, nami nikaanguka kifudifudi, kwa moyo wote, kutoka kwenye stuli. Darii ikajikunja mgongoni. Nikasikia *po!* kisha kitu kinaviringika kwenye marumaru.

Kicheko kilichopasuka pale sijakisikia hata harusini. Nimelala, nimekufa, siwezi kuuliza. Upepo wa feni ulikuwa unaniingia mgongoni kupitia tundu lenye umbo la herufi G, na waumini wa mbele, kama nilivyokuja kuambiwa, waliamini tumepanga.

Kisha nikasikia viatu vidogo vinakuja mbio kati ya mabenchi, vikasimama karibu na sikio langu.

"Hii hapa!" akasema binti yangu, akaokota herufi yake, akarudi kukaa kwa mama yake.