Faida ya Msemaji na Faida ya Msikilizaji

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam, nikiwa mwanachama wa kawaida niliyekaa safu ya nyuma karibu na feni. Mhasibu, dada ambaye vitabu vyake havikuwa na dosari hata ya senti moja, alisimama kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Aliificha sura nyuma ya karatasi, karatasi ikawa inatetemeka, sauti ikawa inamezwa na feni, na alipofika kwenye ukurasa wa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, ambao ndio uliobeba habari nzito kuliko zote, nusu ya watu walikuwa wameinamia simu zao. Baada yake akasimama mgombea wa uenyekiti. Alianza kwa salamu za dini zote, akatamka kwamba itifaki imezingatiwa, akawachekesha wazee kwa kisa cha mkopo wa pikipiki, akaahidi gawio nono, na akaketi huku ukumbi ukipiga makofi. Hakugusa hata tarakimu moja ya taarifa iliyosomwa muda mfupi kabla yake. Alishinda kwa kura nyingi.

Huwa ninaukumbuka mkutano ule kila ninapokutana na matangazo ya mafunzo ya kuzungumza mbele ya hadhara, ambayo humwahidi mtu kwamba akijifunza atajiamini, atapata kazi, atapandishwa cheo na atasikilizwa. Kwa sehemu kubwa ahadi hizo si za uongo, na katika makala haya nitazitetea. Tatizo ni kwamba zinahesabu faida ya mtu mmoja tu, yule aliyeshika kipaza sauti, kana kwamba wale waliokaa kwenye viti hawapati wala kupoteza chochote. Mgombea wetu alifaidika sana na ulimi wake. Kama sisi tuliomsikiliza tulifaidika ni swali jingine kabisa.

Nianze na faida ya mtu binafsi, kwa kuwa hiyo haina ubishi mkubwa. Hofu ya kusimama mbele ya watu haikuanza na kizazi hiki. Musa alipotumwa kwa Farao, ombi lake kama linavyosimuliwa katika sura ya Taha ya Kurani lilikuwa kwamba Mola amfungulie fundo la ulimi ili watu wafahamu maneno yake, na katika kitabu cha Kutoka anakiri wazi kwamba ulimi wake ni mzito. Waislamu wengi hadi leo huinong'ona dua hiyo kabla ya kuingia kwenye mtihani au kupanda jukwaani. Kinachonivutia ni kiasi cha ombi lenyewe: kuhusu ulimi wake, Musa aliomba aeleweke tu.

Hofu hiyo haiondolewi kwa nasaha. Inapungua kwa kulirudia tendo lenyewe mahali ambapo kukosea hakumgharimu mtu kitu, na huo ndio msingi wa vilabu vya Toastmasters, vya kufanyia mazoezi ya kuhutubia, ambavyo Ralph Smedley alivianzisha mwaka 1924 katika mji wa Santa Ana, California, na ambavyo leo vipo Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko katika kanda hii. Niliwahi kuhudhuria vikao vya namna hiyo kwa miezi kadhaa. Hotuba iliyoandaliwa kwa kawaida hupewa dakika 5 hadi 7, na mtunza muda huonyesha kadi ya kijani, kisha ya njano, kisha nyekundu. Mada za papo kwa papo hupewa dakika 1 hadi 2, na mzungumzaji huambiwa mada yake akiwa amekwisha kusimama. Yupo pia mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu vijazio, zile "eee" na "aaa", na kwa sisi wazungumzaji wa Kiswahili "yaani" na "nanihii". Siku yangu ya kwanza nilihesabiwa "yaani" 19 katika hotuba isiyotimiza dakika 6, na nilikuwa tayari kubisha mpaka nilipoonyeshwa karatasi yenye vijiti vilivyofungwa vitano vitano.

Mzee mmoja mstaafu ndiye aliyepangiwa kunitathmini siku hiyo, na aliniambia jambo ambalo sijalisikia katika tangazo lolote. Kila "yaani" yangu, alisema, ilikuwa imekaa mahali ambapo nilikuwa bado sijaamua ninataka kusema nini. Nilikwenda pale kutibu ulimi, nikarudi nyumbani nikijua kwamba kilichokuwa na kasoro ni mpangilio wa mawazo, na kwamba sehemu kubwa ya ile hofu ilikuwa haki yangu, kwa sababu mtu asiyejua hoja yake inaelekea wapi ana kila sababu ya kuogopa kuwaongoza wengine kuifuata. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida ya kudumu kuliko zote. Mapigo ya moyo yanaweza kurudi siku yoyote ukumbi ukiwa mkubwa, lakini aliyezoea kujiuliza hoja yake ni ipi kabla ya kufungua kinywa atajiuliza hivyo hata anapoandika barua au anapozungumza na mwenzake wa ndoa kuhusu ada ya shule.

Hata hivyo, si kila mwenye haya ana upungufu unaohitaji tiba. Gandhi, alipokuwa wakili kijana, alisimama katika mahakama ya Bombay kuwahoji mashahidi katika kesi yake ya kwanza, akakosa hata swali moja la kuuliza, akaketi na kuiachia ada yake irudi kwa mteja. Baadaye aliandika kwamba ile haya, iliyomtesa ujanani, ndiyo iliyomfunza kuyatumia maneno kwa uchache. Mkufunzi wa leo angemkabidhi ratiba ya wiki sita na kumhakikishia kwamba atatoka mtu mwingine. Huenda angefaulu, na huenda pia dunia ingepata msemaji mmoja zaidi wa maneno mengi.

Upande wa kazi una mambo ya kupima zaidi. Kwamba ustadi huu unalipa ni dhahiri kwa yeyote aliyepita kwenye usaili wa ajira za serikali Tanzania, ambako mwombaji aliyefaulu mtihani wa kuandika bado huitwa kwenye mahojiano, na dakika chache mbele ya jopo zinaweza kufuta kazi ya miezi ya kusoma. Afisa ugani asiyeweza kueleza kwa nini mbegu chotara ya msimu uliopita haifai kupandwa tena ana elimu inayoishia kwenye daftari lake. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huhutubia benchi zima la kina mama kila asubuhi, ingawa hakuna anayeiita kazi hiyo hotuba. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, mawakili waliosomea sheria kwa Kiingereza wamelazimika kujifunza upya namna ya kujenga hoja ya mdomo kwa lugha ambayo walidhani wanaijua tayari.

Lakini mahali pa kazi panapompa zawadi anayejieleza vizuri huwa panamnyima mwingine, na hilo halisemwi. Kila ofisi ina yule anayekesha akiandaa takwimu na yule anayeziwasilisha mbele ya bodi, na barua ya kupandishwa cheo inajua njia ya kwenda kwenye meza ya nani. Watetezi wa mafunzo watajibu kwamba dawa ni yule mkimya naye ajifunze kuwasilisha. Ni jibu la haki kwa kiasi fulani, ila linauhamishia mzigo wote mabegani mwa mkimya na kumwachia meneja uvivu wake wa kutosoma ripoti mpaka asomewe. Wapo pia wasioweza kufuata ushauri huo kwa sababu zisizohusiana na bidii: mwenye kigugumizi, mwenye lafudhi inayochekwa mjini, au binti aliyelelewa akiambiwa kwamba mtoto wa kike haongei mbele ya wazee.

Kuhusu huyo wa mwisho, historia yetu ina mfano unaopaswa kusomeshwa katika kila darasa la somo hili. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakuwa na elimu ya shule zaidi ya madarasa machache ya msingi. Alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma cha wanawake. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipomkabidhi kazi ya kuwaandikisha wanawake mwaka 1955, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya mji mzima, akazungumza na wanawake kwa lugha yao, mahali walipokwisha kuzoea kukusanyika, na maelfu yao wakajiunga na chama. Alikuwa amejifunza kushika hadhira katika ngoma, ambako kiongozi asiyesikia kiitikio kinavyomrudia hawezi kuendelea na ubeti. Ustadi wake ulianza na kusikiliza, na ndiyo sababu faida yake haikuishia kwake.

Ninapoyatazama mafunzo mengi ya mijini naona yamekwenda kinyume na njia hiyo, hasa kwa upande wa lugha. Mtoto wa Kitanzania anayetoka shule ya msingi ya serikali anafika kidato cha kwanza akiwa na maswali tele, kisha anakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na midomo inafungwa darasa zima kwa sababu kila sentensi ni mtego wa kuchekwa. Miaka kumi baadaye, akiwa na shahada, anauziwa mafunzo ya kujiamini, kwa Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, ambacho katika ajira nyingi ni cha lazima, ila nina ugomvi na kuichanganya lafudhi na fikra. Nimemwona mtu akipewa alama za juu kwa hotuba ambayo ukiitafsiri unabaki na maneno mawili, jiamini na usikate tamaa. Nimemwona pia mama lishe akieleza mbele ya afisa wa manispaa kwa nini soko lisihamishwe, kwa mtiririko wa sababu ambao wakili angeuonea wivu, na hakuna aliyefikiria kuuita ujuzi.

Sitasema mengi kuhusu mbinu zenyewe, zile za kuanza na kisa, kunyamaza kidogo kabla ya neno zito, na kuuliza swali lisilotaka jibu. Zinafundishika kwa siku mbili, na zikishasambaa kwa kila mtu, kila mtu anafanana. Mgombea wetu alikuwa nazo zote.

Hapa ndipo wapinzani wa mafunzo haya wanapodhani wameshinda: kama ulimi mtamu unaweza kuufunika ukurasa wa mikopo chechefu, kwa nini tuzalishe ndimi tamu zaidi? Kwa muda mrefu niliiona hoja hiyo kuwa na nguvu. Kilichonibadilisha ni kukumbuka vizuri zaidi nilikuwa wapi siku ile. Nilikuwa na nakala ya taarifa mapajani. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule, na kwa kalamu nilikuwa nimezungushia kiasi cha mikopo isiyolipwa, ambacho kilizidi gawio lote tulilokuwa tukiahidiwa. Mwenyekiti wa muda aliuliza mara mbili kama kuna mwenye swali. Mikono yangu ilikuwa na jasho, nikawaza kwamba mtu mwenye sauti bora kuliko yangu atauliza, na hakuuliza mtu. Ulimi wa mgombea ulikuwa sababu moja ya matokeo yale, na kimya changu kilikuwa sababu nyingine. Mikutano mikuu ya vijiji, inayotakiwa kisheria kufanyika kila miezi 3 na kumkaribisha kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18, inakabiliwa na hali hiyohiyo pale taarifa ya fedha inaposomwa haraka na wananchi kuulizwa kama wameridhika.

Kwa hiyo ninaunga mkono mafunzo, ila uzito ningeuweka mahali pengine. Katika vile vikao nilivyohudhuria, kazi iliyonitoa jasho kuliko kuhutubia ilikuwa ya kumtathmini mwenzangu: kusikiliza dakika 7 bila kuwaza jibu langu, kisha kusimama na kumweleza hoja yake ilisimama wapi na iliteleza wapi, bila kumvunja moyo na bila kumdanganya. Sehemu hiyo ndiyo ningependa ianze shule ya msingi, kwa Kiswahili, na ndiyo ambayo matangazo huisahau, pengine kwa sababu ni vigumu kumuuzia mtu uwezo wa kuuliza swali.

Mwaka uliofuata mhasibu alirudi mbele. Hakuwa amegeuka kuwa mtu mwingine, kwani karatasi bado ilitetemeka, ingawa safari hii alikuwa ameibandika kwenye kipande cha boksi ili isipige kelele. Aliomba feni izimwe. Hakusoma taarifa nzima. Alisema kwamba kurasa 14 tunazo mikononi na kwamba yeye angezungumzia ukurasa wa 9 tu, akataja kiasi kilichokopeshwa, kiasi kilichorudi, na kiasi ambacho hakijulikani kitarudi lini. Alitumia kama dakika nne. Wakati huu niliinua mkono na kuuliza wadaiwa wakubwa ni wangapi na kama kuna viongozi miongoni mwao. Mwenyekiti alikohoa. Mhasibu aliitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema idadi anayo na ni 6, lakini jibu la sehemu ya pili atalileta kwa maandishi Jumatatu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akafungua ukurasa wa 9, akainua mkono wake.