Aliyesalimia Cairo Hakubisha Hodi Jerusalem

Alhamisi ya tarehe 4 Juni 2009, saa saba mchana, kinyozi mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, alizima mashine yake huku kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tumetoka kuswali adhuhuri, na televisheni ndogo iliyotundikwa juu ya kioo ilikuwa ikionyesha ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cairo. Barack Obama alipotamka "assalaamu alaykum", watu saba au wanane tuliobanana kwenye benchi tuliitikia kwa pamoja, kama vile mtu ameingia mlangoni.

Niliitikia kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema hivyo leo. Kwetu pwani, tangu mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, kijana wa Kiislamu aliyekwenda kuomba pasipoti au viza alijua maswali yanayomngoja. Baada ya Septemba 2001 maswali yakazidi. Na sasa huyu hapa rais wa Marekani, anasimulia kwamba baba yake ni Mkenya wa ukoo wenye vizazi vya Waislamu, kwamba yeye mwenyewe utotoni Indonesia alikuwa akisikia adhana alfajiri na magharibi. Ananukuu Kurani. Anasema amekuja kutafuta mwanzo mpya.

Ami yangu alikuwa akingoja zamu yake. Yeye peke yake alinyamaza mpaka hotuba ikaisha, kisha akaniambia: "Mwanangu, kasema vizuri. Sasa ngoja amuudhi rafiki yake, ndipo tutamjua."

Rafiki mwenyewe alikuwa Israel. Miaka mingi imepita, na nikiyapanga matukio yote bado naona ami aliweka kidole penyewe. Nasema hivi nikijua wako wasomaji wangu watakaokasirika: Obama alikuwa na haki kuhusu makazi ya walowezi, yaani nyumba za Waisraeli zinazojengwa kwenye ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na Israel, lakini alimuudhi rafiki yake bure. Alisema neno zito mbele ya dunia nzima kabla hajaamua atafanya nini akijibiwa hapana. Matokeo yake Waisraeli wakamwona adui, na sisi tukamwona mtu wa maneno.

Kumbukeni kwamba Cairo haikuwa ya kwanza. Mwezi huohuo alioapishwa, Januari 2009, alitoa mahojiano kwa televisheni ya Al Arabiya. Machi akawatumia Wairani salamu za Nowruz, mwaka mpya wao. Aprili akasimama mbele ya bunge la Uturuki mjini Ankara akasema Marekani haina vita na Uislamu na haitakuwa navyo kamwe. Siku moja kabla ya Cairo alikuwa Riyadh kwa Mfalme Abdullah. Ilikuwa safari iliyopangwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na hadhira yake.

Ila Jerusalem hakufika. Kutoka Cairo ni mwendo wa kama saa moja kwa ndege, lakini ndege yake ilielekea Ujerumani, na kesho yake alikuwa Buchenwald, kwenye iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi. Hapa nitawatetea Waisraeli, ingawa si kawaida yangu. Mtu akija mtaani akaingia nyumba zote za jirani zako, akakutaja kwa jina barazani mwao, kisha akapita mlangoni pako bila hodi, utaumia hata kama aliyoyasema ni kweli. Mle ukumbini alisema uhusiano wa Marekani na Israel hauvunjiki, na akawakemea wanaokanusha mauaji ya Wayahudi. Lakini aliyasema akiwa nyumba ya pili. Alikuja kuzungumza na vijana wa Israel mjini Jerusalem mwezi Machi 2013, karibu miaka minne baadaye. Rafiki unayetaka kumwambia neno chungu, unakwenda kwake, unakaa, unakunywa chai yake, ndipo unasema.

Neno chungu lenyewe lilikuwa kwamba Marekani haikubali uhalali wa kuendelea kujengwa kwa makazi ya walowezi. Wiki moja kabla ya hotuba, Hillary Clinton, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa ameshalifunga zaidi: yasitishwe yote, bila kisingizio cha familia kuongezeka. Benjamin Netanyahu, Waziri Mkuu wa Israel, alikuwa madarakani kwa miezi miwili tu, na serikali yake ilisimama kwa msaada wa vyama ambavyo visingekubali hata kidogo. Kila mtu Washington alilijua hilo.

Netanyahu akajibu kwa ustadi. Tarehe 14 Juni, katika Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, alitamka kwa mara ya kwanza kwamba angekubali dola ya Palestina isiyo na jeshi, na kuhusu makazi akabaki palepale. Saudi Arabia nayo, iliyoombwa iionyeshe Israel ishara fulani ya wema ili mambo yasogee, ilikataa hadharani. Marafiki wawili wa Marekani, kila mmoja na sababu zake, wakamwachia Obama hotuba yake mkononi.

Halafu likaja jambo ambalo mimi naliona ndilo lililoua salamu ya Cairo, ingawa halikumbukwi sana. Tarehe 31 Oktoba 2009 Clinton huyohuyo alisimama Jerusalem kando ya Netanyahu na kuusifu mpango wake wa kupunguza ujenzi kuwa ni hatua isiyowahi kutokea. Kupunguza, baada ya kudai usitishwe wote! Siku chache baadaye ikabidi afafanue mbele ya mawaziri wa Kiarabu huko Marrakech. Miezi mitano kamili haikuwa imefika. Pale kwa kinyozi hotuba ilikuwa bado inazungumzwa.

Mwezi Novemba Israel ikatangaza kusitisha ujenzi mpya Ukingo wa Magharibi kwa miezi 10, Jerusalem Mashariki ikiachwa nje. Ilikuwa hatua, sikatai. Lakini Machi 2010, Makamu wa Rais Joe Biden akiwa mgeni nchini humo, ikatangazwa mipango ya nyumba 1,600 huko Ramat Shlomo, Jerusalem Mashariki. Clinton alimpigia Netanyahu simu ya zaidi ya dakika 40. Baadaye mwezi huo Netanyahu alipokwenda Ikulu ya Marekani, wapiga picha hawakuruhusiwa. Watu wakaandika kwamba urafiki umefikia pabaya. Mimi nikijiuliza: kunyimana picha kunamzuia nani kuchanganya saruji? Septemba muda wa kusitisha ukaisha, mazungumzo ya ana kwa ana yaliyokuwa yameanza mwezi huohuo yakafa.

Kisha tarehe 18 Februari 2011. Kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kulikuwa na rasimu ya azimio la kulaani makazi hayo, yenye maneno yasiyo mbali na yale ya Cairo. Nchi 14 ziliunga mkono. Zilikuwemo Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, marafiki wakubwa wa Marekani. Zilikuwemo pia Afrika Kusini, Nigeria na Gabon kutoka kwetu Afrika. Marekani ikapiga kura ya turufu, ya kwanza ya utawala wa Obama. Balozi Susan Rice alieleza kwamba nchi yake bado inayapinga makazi. Nilisoma maelezo yale mara mbili nikitafuta njia ya kumtetea Obama mbele ya ami, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea siku zote. Sikuipata.

Najua hoja ya wanaosema kiongozi wa Marekani hana uhuru huo, kwamba Bunge lingemkalia kooni. Ni kweli, na Machi 2015 tuliona Netanyahu akialikwa na Bunge hilohilo kuhutubia dhidi ya makubaliano ya nyuklia ambayo rais wa nchi alikuwa akiyajadili na Iran. Lakini kama mikono ilifungwa, kwa nini aliahidi kwa mikono miwili? Waliomwamini Cairo walikuwa vijana wa Misri walioishi chini ya sheria ya hali ya hatari tangu 1981. Walikuwa Wapalestina wanaoona kreni kutoka dirishani. Mwaka wa hotuba, walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa takriban 300,000. Obama alipokaribia kuondoka walikuwa karibu 400,000.

Septemba 2016 utawala wake ulitia saini na Israel mkataba wa msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10, mkubwa kuliko wote uliowahi kuwepo. Miezi mitatu baadaye, Ijumaa tarehe 23 Desemba, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2334 kwa kura 14, likisema makazi hayana uhalali kisheria. Safari hii Marekani haikupinga wala kuunga mkono. Ilijizuia, azimio likapita.

Nilimpigia ami simu usiku uleule. Alikuwa ameshapanda kitandani. Nilimsomea habari yote, na nilikuwa na furaha, sauti yangu ilinisaliti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile kwa kinyozi.

"Amebakiza siku ngapi ofisini?" akauliza.

Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Nikamwambia ishirini na nane.