Kanuni ya tisa na kichwa cha mtoto

Kanuni ya tisa, njia ya kukadiria ni asilimia ngapi ya mwili imeungua, inapendwa kwa sababu haihitaji karatasi: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Mia imetimia. Kwa mtu mzima aliyeungua sehemu kubwa na anayesubiri kusafirishwa, sina ugomvi nayo. Chati ya Lund na Browder ya mwaka 1944, ya kazi hiyohiyo lakini yenye michoro ya mwili na jedwali la umri, huonekana kama ukarani tu, na mara nyingi hubaki tupu kwenye faili.

Lakini mtoto si mtu mzima mdogo. Kwenye chati hiyo kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni asilimia 17 ya mwili. Cha mtu mzima ni 7.

Tuseme mtoto huyo amejivutia sufuria ya maji ya moto. Ameungua uso na nusu ya mbele ya kichwa, mbele ya shingo, na mbele ya mkono mmoja toka begani hadi kwenye kiwiko. Chati inatoa 8.5, 1 na 2, jumla 11.5. Kanuni ya tisa ya watu wazima inatoa nusu ya 9, yaani 4.5, na kama 2 za mkono: 6.5. Pointi 5 ni kidogo, ila katikati yake upo mstari wa 10, ambao kwa watoto ndio huamua dripu. Mwenye 6.5 hupewa maji ya kunywa. Mwenye 11.5 hutafutiwa mshipa na kupimwa mkojo kila saa. Na ni mtoto yuleyule.

Miguuni kosa hugeuka. Miguu yote miwili ikiungua, kanuni inasema 36, chati 30. Kwa mtoto wa kilo 10, ukitoa mililita 3 za dripu kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, ni 1,080 dhidi ya 900 ndani ya saa 24. Mililita 180 zimezidi kwa mtoto ambaye damu yake yote ni kama 800, na ziada hiyo huishia kwenye uvimbe na mapafu.

Watetezi watasema kanuni ina toleo la watoto: kichwa 18, kila mguu 14, kisha kila mwaka baada ya wa kwanza punguza 1 kichwani na uongeze nusu kila mguu. Kweli, lakini anayefanya hesabu hiyo usiku wa manane angekuwa ameshamaliza chati. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, karibu asilimia 1, kinafaa kwa madoa yaliyotawanyika. Bila vidole ni kama nusu yake, na hapo wengi hukosea.

Wekundu usio na malengelenge hauhesabiwi kwa njia yoyote, na masizi yafutwe kwanza. Hapa chati haioni zaidi yako. Ila ukiandika "20" peke yake, anayempokea mgonjwa ataamini au ataanza upya. Akipewa mchoro uliotiwa rangi, ataona kwamba ulihesabu na wekundu wa mgongoni.