Baada ya mizani, ulizeni na usemi

Nimesoma habari ya watoto waliozaliwa na mama mwenye VVU, wenyewe hawakuambukizwa lakini baadhi huchelewa kusema, na imenigusa. Mdogo wangu wa hapa Makorora, Tanga, alianza dawa za kufubaza virusi mimba ikiwa changa. Mwanawe alipewa nevirapini, dawa ya kumkinga na VVU, tangu kuzaliwa, akapimwa wiki ya 6 na tena miezi 18: hana virusi. Tulilia kwa furaha. Lakini alipotimiza miaka 2 alikuwa akisema "mama" na "maji" tu. Kliniki, muuguzi aliangalia kadi, akasema uzito mzuri, nendeni. Hakuna aliyemwita mtoto kwa jina aone kama anageuka.

Jamani, kina mama wasitishwe na habari hiyo wakaacha dawa. Bila kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa; dawa zikitumiwa vizuri, hushuka chini ya 5. Na huko kuchelewa si kwa kila mtoto, tena mengi huchangia: kuzaliwa njiti, lishe duni, mama mwenye msongo anayeficha vidonge kwenye debe la mchele (hayo nimeyaona kwa macho yangu).

Sisi tulianza kumwimbia akiogeshwa, bibi akipara samaki anamtajia huyu changu, huyu kibua, anamuuliza na kusubiri ajibu. Sasa ana miaka 3, anaunga maneno matatu. Naomba kliniki zetu, mtoto akishuka kwenye mizani, mama aulizwe: anasema nini? Anasikia?