Alama ya Mwisho Haisemi Kwamba Hufai

Kila msimu wa udahili hukutana na vijana waliovunjika moyo kwa sababu ileile. Walikuwa na sifa za kozi, wakaomba, hawakuchaguliwa, na sasa wanaamini hawana akili ya kuisoma. Hilo linaniuma, maana hakuna aliyewaeleza kuwa sifa za chini ni kitu kimoja na alama ya ushindani ni kingine. Sifa za chini husema nani anaweza kuimudu kozi. Alama ya mwombaji wa mwisho kuchaguliwa husema tu waombaji walikuwa wangapi na nafasi zilikuwa ngapi. Waombaji wakiongezeka inapanda, ingawa anatomia, somo la muundo wa mwili, haijawa ngumu kuliko mwaka jana.

Udaktari unaonyesha jambo hili waziwazi. Ujerumani, mtu mwenye ufaulu mzuri ila si wa juu kabisa alifikia kungoja miaka saba hivi ili apate nafasi. Desemba 2017 Mahakama ya Katiba ya huko ikaamua kwamba sehemu ya utaratibu huo inakiuka katiba, na vyuo vikatakiwa vitumie pia vigezo visivyotokana na alama za shule. Uholanzi iligawa nafasi za udaktari kwa kura kwa miongo kadhaa. Wengi huiona kura kuwa dharau kwa wanafunzi hodari. Mimi naiona ya haki kuliko kumwacha mtu kwa sehemu ndogo ya alama, kana kwamba sehemu hiyo inatabiri nani atakuwa daktari mzuri.

Sitaki sifa zifutwe. Anayeingia uhandisi bila msingi wa hisabati atateseka mwaka wa kwanza, na ni ukatili kumpokea ukijua hivyo. Ninachopinga ni sharti lisilohusiana na kazi yenyewe. Muuguzi mwenye stashahada, aliyehudumia wodi miaka minane, anaambiwa akarudie mtihani wa sekondari ndipo asome shahada ya uuguzi. Kwa nini asipimwe kwa anachokijua sasa? Kama kemia yake ina pengo, apewe kozi ya matayarisho, afanye mtihani wake, aendelee. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa 1969, hudahili watu katika shahada zake nyingi bila kudai vyeti vya awali, na shahada bado hupatikana kwa kufaulu masomo.

Kwa kozi za taaluma, kabla hujahesabu alama zako, ulizia kama programu hiyo ina ithibati, yaani imethibitishwa rasmi kuwa na ubora unaotakiwa, na kama bodi inayosajili wanataaluma inaitambua. Uliza pia mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na nani anayatafuta, chuo au mwanafunzi. Chuo kinachokupokea haraka lakini kinasitasita kujibu maswali hayo, usikilipe ada.