Sikumpiga Mshale Baba Mkwe, Nilipiga Dumu

Kwanza nisafishe jina: baba mkwe ni mzima. Ile sauti ya shemeji inayozunguka kwenye magrupu, eti nimemlenga mzee kisa mahari, ni uongo. Kilichopigwa ni dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, lita 20. (Kwa wazee wa huku ukweni Kilolo, Iringa, sijui afadhali ni ipi.)

Upinde nilichonga mwenyewe, mishale nikakata mianzi hapo hapo ukweni. Jumamosi nzima mishale inatikisa mkia kama kambale, kisha inakata kulia. Nikasingizia upepo. Nikakaza ugwe, nikalegeza ugwe. Shemeji akauliza, "Hiyo mianzi si mibichi?" Nikamwambia fundi hapa ni mimi.

Jumapili wazee wako chini ya mparachichi. Nikalenga gunia la pumba, hatua 10 kushoto kwao. Kushoto, mnanielewa? Nikavuta hadi shavuni, nikaachia. Ukatoka umenyooka, nikaanza hata kutabasamu. Mara mkia huku, kichwa kule, ukaliacha gunia kama daladala iliyojaa inavyoacha kituo, ukapita juu ya kofia ya mzee mmoja, *tii*, ukazama kwenye dumu.

Kimya. Na hapo, jamani, bado palikuwa na nafuu, maana mshale wenyewe ulikuwa umeziba tundu. Mimi na heshima zangu nikakimbia, nikapiga goti, badala ya samahani nikajikuta nasema "Kamwene", salamu ya Kihehe, nikaushika mshale...

"Usichomoe!"

Nimeshachomoa. Ulanzi uliochacha ndani ya dumu lililofungwa una hasira zake: uso, shati, masikio. Mzee wa kofia hata hakuinuka. Alisogeza kikombe kwenye mchirizi, akasema, "Ndiyo maana pale Lugalo, 1891, Wahehe tulipowapiga Wajerumani, tulibeba mikuki."

Nimelipa madumu mawili, yameisha hayo.

Shemeji alikuwa sahihi, msimwambie. Mwanzi mbichi ni laini mno, ukiachiwa unapinda kupita kiasi unapozunguka upinde, na kwa sisi tunaovuta kwa mkono wa kulia unakimbilia kulia. Halafu manyoya: mawili nilitoa bawa la kushoto la jogoo, moja la kulia, kumbe yote yatoke upande mmoja, la sivyo kila moja linauzungusha mshale kivyake.

Jogoo wa nani? Baba mkwe bado hajauliza.